Anza na Kovu

Siku ya kuniaga ofisini nilipewa saa ya ukutani, kitenge na hotuba ndefu. Saa imeshasimama, kitenge nimeshashona, na hotuba siikumbuki. Ninachokumbuka ni mwenzenu mmoja, binti aliyeajiriwa mwaka jana, aliyenifuata nikiwa nafunga mkoba akasema, "Mama, utuandikie basi. Wewe ulikuwepo wakati wa wakimbizi." Alilitamka lile "ulikuwepo" utadhani nilihudhuria harusi. Lakini ameomba kwa heshima, nami sasa nina muda, kwa hiyo ninaandika.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka yangu yote, mwanzo Ngara, baadaye Biharamulo. Vyeo nilivyopanda vimo kwenye faili, na faili limo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Mshahara mnaujua. Nitakayoyaandika hapa ni habari za mtoto mmoja, picha zake mbili, na muhuri nilioupiga mahali pasipostahili. Mengine yote ya kazi hii mtayajifunza wenyewe, kwa kukosea.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Murukulazo. Mwaka wa tisini na nne watu walipovuka mto kutoka Rwanda, Benaco, ambako zamani walipiga kambi wajenzi wa barabara, palikuwa pori siku ya Jumatatu na mji kufikia Jumamosi. Shirika moja likatafuta walimu wanaosema Kihangaza, kwa sababu Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao vinaelewana bila kusumbuana. Nikaomba ruhusa shuleni, nikaacha chaki, nikapanda lori.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa meza yenye miguu mitatu na jiwe, daftari, kalamu za risasi sita, kichongeo, muhuri na kidau chake cha wino. Nilikabidhiwa pia kamera ya zile picha zinazotoka papo hapo, ambayo niliibeba kama yai. Kazi yetu ilikuwa kuwaandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Tulimpiga mtoto picha, tukaibandika kwenye ubao mkubwa wenye paa la turubai, na wazazi walipita kutazama. Kabla ya saa nne asubuhi hiyo ya kwanza nilishaelewa kwamba sijui kazi. Nilimwuliza mtoto wa kiume wa miaka kama minne mama yake anaitwa nani.

"Mama," akasema.

"Watu wengine wanamwitaje?"

Alifikiri sana, maana alitaka kunisaidia. "Wanamwita, 'Njoo.'"

Nikaandika hivyo hivyo, kwa sababu fomu ilidai jibu.

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa Bwana Fokasi, mtu wa Biharamulo, mkarimu, mwenye imani kubwa na muhuri. "Verediana," aliniambia, "karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga." Alinifundisha mambo mawili ambayo nimeyatumia hadi siku ya mwisho. La kwanza, chonga penseli zote asubuhi, kwa sababu mtu anayelia hangoji uchonge. La pili, usimwonyeshe mtu mtoto kabla hajaitambua picha. Wapo waliodai watoto wasio wao ili kaya iongezeke kwenye kadi ya chakula. Kwa hiyo watoto walikaa kwenye kibanda chao nyuma ya uzio wa nyasi, na mbele palikuwa na ubao tu. Mama angeweza kusimama hatua arobaini kutoka kwa mwanawe asijue. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila ulitegemea kabisa picha iseme kweli.

Kati ya watoto hao alikuwepo mmoja wa miaka mitano hivi, aliyejiita Kanyana. Kanyana tulikuwa nao wengi. Huyu aliletwa na majirani wa njiani waliomkuta ameketi juu ya godoro la mtu mwingine. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamedondoka. Shavu la kushoto lilikuwa na kovu la kuungua, limeshuka hadi sikioni, na ncha ya sikio lenyewe ilikuwa imejikunja kama jani lililopitiwa na moto. Hakuwa mtoto wa kudeka. Kila jioni nilipopita kibandani kuwaaga aliniuliza swali moja tu: "Mama amekuja?" Nikijibu bado, aliitikia kwa kichwa kama mkuu wa ofisi aliyepokea taarifa.

Zamu yake ya kupigwa picha ilipofika, filamu ikaisha. Lori lililotarajiwa kuleta nyingine kutoka Mwanza lilikwama matopeni, likakwamuka, likafika na shehena ya mablanketi. Filamu hazikuwemo. Tukabaki na ubao wenye nafasi tupu na kibanda kilichojaa. Halafu ikaja amri kwamba kibanda kimezidiwa, na watoto wasiotambuliwa watahamishiwa kituo kingine, mbali, upande wa Biharamulo. Orodha ilibandikwa pamoja na siku ya safari. Kwa mama anayetembea kwa miguu na ndoo kichwani, asiye na kibali cha kutoka kambini, upande wa Biharamulo ulikuwa sawa na mwezini. Jina la Kanyana lilikuwa la tisa.

Ni wakati huo ndipo alipotufikia mchoraji. Jina lake nitalihifadhi, maana alikuwa mtu mwema. Kambini tulimwita Bwana Rangi. Alitoka Ulaya na barua ya kibali, kofia pana, sanduku la chuma na kitabu kikubwa ambacho hakumwachia mtu yeyote akibebe. Hakumgombeza mtu. Alikunywa maji yetu, akaumwa tumbo, hakulalamika. Kwa kuwa nilifundishwa Kiingereza na masista na bado nilikuwa nakikumbuka, Bwana Fokasi alinipa kazi ya kumzungusha.

Jumapili moja baada ya misa alinifungulia kile kitabu. Zilikuwa picha za wachoraji wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa waliopenda kuchora nchi za Waturuki na Waarabu, kuanzia Moroko hadi huko Uturuki kwenyewe, nchi ambazo wao walizifunga mzigo mmoja wakauita Mashariki. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Wanawake wamejilaza kwenye mito, wengine wametoka bafuni na hawana haraka ya kuvaa. Mlinzi amesinzia na upanga mapajani. Mzee anavuta tumbaku kwenye kiko cha maji. Kuta zote zina vigae vya buluu, na mwanga unaingia upande mmoja, mzuri kweli. Nilitafuta mtu anayefanya kazi, nikampata mmoja: alikuwa anawapepea wengine. Mtoto mwenye kamasi sikumwona kitabu kizima.

"Hawa wachoraji waliishi huko?" nikauliza.

"Wengine walikaa wiki chache," alisema Bwana Rangi. "Walinunua nguo, mazulia, mabirika, wakarudi navyo nyumbani, wakawavisha wasichana wa mtaani kwao, wakachora. Wengine hawakwenda kabisa. Waliwauliza waliokwenda."

"Na hao wasichana wa mtaani walijua kwamba wamekuwa Waturuki?"

Alicheka hadi akavua kofia. Kisha akanieleza kwa uchungu wa kweli kwamba siku hizi wasomi wanawalaumu wachoraji wale, kwamba hawakuchora nchi za watu bali walichora ndoto zao wenyewe, na kwamba ndoto hizo ziliwasaidia wakubwa wao kutawala. Alisema anakubaliana na lawama hizo kabisa. Alipomaliza kukubaliana akaniomba nimsaidie kufungua sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na birika la shaba alilolinunua Misri, shela nyekundu ya hariri, na zulia dogo.

"Nyinyi ndio Mashariki yangu," akaniambia.

Nikamweleza kwamba kwa hapa Ngara, mashariki ni Biharamulo.

Hilo aliliandika. Wiki iliyofuata akaomba gari la kwenda Biharamulo, tukaenda. Nilimpeleka kwenye boma la zamani, lile jeupe la juu kilimani, akapiga magoti kwa furaha. Alilichora na kuba moja, mitende minne na ngamia. Nilimwambia kwamba boma hilo lilijengwa na Wajerumani, majirani zake.

"Lakini lina sura ya Mashariki," akasema.

"Sura hiyo walikuja nayo wao."

Ngamia akabaki. Nimefanya kazi Biharamulo miaka mingi baada ya hapo, na huyo ndiye ngamia pekee niliyekutana naye.

Mimi pia alitaka kunichora. Alitandika zulia lake chini ya turubai, akaniomba nijiegemeze kwa kiwiko, nitazame mbali. Nilimwuliza nani atajaza fomu wakati mimi nimejiegemeza. Akanichora hivyo hivyo, kwa kukisia, na mpaka leo kuna ukuta mahali fulani Ulaya ambako nimelala mchana.

Mpaka hapo ilikuwa mzaha, na ningeishia hapo kama Bwana Rangi asingekuwa na moyo mzuri. Alisikia habari ya filamu zilizokwisha, akajitolea kuwachora watoto kwa ajili ya ubao, bure, wote ambao hawajapigwa picha. Bwana Fokasi nusura amkumbatie. Siku mbili baadaye kazi ilianza, na wa kwanza niliyeombwa kumleta alikuwa Kanyana, kwa sababu Bwana Rangi alisema mtoto yule ana macho.

Alimvisha ile shela nyekundu, akaizungusha kichwani ikafunika masikio. Alimpa birika la shaba aliegemeze begani. Halafu akamshika kidevu taratibu na kumgeuza, shavu la kulia mbele, la kushoto gizani. Kanyana alikaa wima bila kupepesa. Hakuwa amewahi kuvalishwa kitu cha hariri, na birika lilikuwa likimwonyesha uso wake mwenyewe.

"Kovu halionekani," nilisema.

"Ndiyo," akasema Bwana Rangi, akifurahi kwamba nimeliona hilo. "Kovu lingemwonea. Tumpe heshima yake."

"Na meno?"

"Amefumba mdomo. Ni vizuri zaidi."

Alichora kwa asubuhi nzima, akatoa picha ya msichana wa miaka kumi na miwili au zaidi, mwenye shingo ndefu, kope ndefu na huzuni ya mtu aliyesoma vitabu. Na hapa nitasema ukweli, maana nimestaafu na hamwezi kunifanya lolote: niliipenda. Nilikuwa nimetazama vumbi na majivu kwa miezi, nikaletewa kitu kizuri, nikaona fahari kwamba kimetoka mezani kwangu. Nilijua hafanani naye. Nilijiambia mama hamkosei mwanawe. Nikaandika chini yake, "Kanyana, wa kike," nikachovya muhuri kwenye wino, nikaugonga kwa nguvu, nikabandika ubaoni mahali pa katikati.

Watoto kumi na wanne walichorwa kwa mtindo huo ndani ya siku mbili, wengine upesi kuliko yeye. Ubao ulipendeza mno. Wageni wa mashirika mengine walikuja kuutazama na kupiga picha, na kamera zao, niwaambie, zilikuwa na filamu. Wazazi walikuja pia, wakasimama, wakatazama, wakaondoka. Siku tatu zikapita na hakuna aliyenyanyua mkono. Kabla ya hapo haikupita siku bila mtu kupiga yowe mbele ya ubao ule.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyepita kila asubuhi akitoka kuteka maji. Alikuwa mwembamba, ndoo kichwani haiyumbi, rozari shingoni. Alianzia picha za juu, akaenda mstari kwa mstari, akiongoza macho yake kwa kidole kama anayejifunza kusoma. Akifika kwa Kanyana wa shela nyekundu alisimama zaidi kidogo. Asubuhi ya pili nikamsalimu, akaniambia kuhusu picha ile, "Mtoto mzuri huyu. Mungu amsaidie mama yake." Akafanya ishara ya msalaba na kuendelea na mstari wa chini. Asubuhi ya tatu alifanya vivyo hivyo, na ya nne. Nilimwona mtu mwenye huruma, basi. Sikumwuliza anamtafuta nani, kwa sababu wazazi waliandikishwa meza nyingine, kwa karani mwingine, na mimi nilikuwa mtu wa kufuata meza yangu.

Aliyenitoa usingizini alikuwa Siriaki. Alikuwa mkimbizi, mtu mzima kuliko mimi, fundi wa kuchora vibao sokoni pale kambini. Madebe ya mafuta ya kula ya msaada aliyakata, akayanyoosha kwa nyundo yakawa bati, akachora juu yake kwa mabaki ya rangi za milango: mbuzi kwa mwuza nyama, kiatu kwa fundi viatu, vichwa vya watu kwa vinyozi. Michoro yake ilikuwa mibaya. Mbuzi wake alikuwa na miguu ya meza. Alikuja ubaoni siku moja kumsindikiza jirani yake, akatazama kazi ya Bwana Rangi muda mrefu, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwarimu." Kwetu l na r hupeana zamu, mlio wa huku mnajua. "Hawa watoto wako wapi?"

"Wako nyuma hapo, kibandani."

"Hapo nyuma? Mimi nimepita kibandani mara nyingi kupeleka kuni. Mbona hawa sijawaona?"

Nikaanza kumweleza habari za sanaa. Nilimweleza habari za mwanga unaoingia upande mmoja. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mwarimu," akasema nilipomaliza, "mimi nikichora kichwa kwa kinyozi, mteja anakionyesha kidole, anasema ninyoe hivi. Akitoka na kingine ananitafuta mimi, hamtafuti kinyozi. Nimeshapigwa. Huyu mliyemchora hapa, nani atamtafuta?"

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujua. Orodha ya Biharamulo ilikuwa imebakiza siku mbili. Nilikwenda kwa Bwana Fokasi nikamwomba tuziondoe zile picha, Siriaki achore upya. Akasema wageni wakubwa wanatarajiwa kesho kutwa, wamesikia sifa za ubao, na hatuwezi kuwaonyesha mabati ya vinyozi. Nikamwuliza ubao ni wa wageni au wa wazazi. Akasema niende nikanywe maji. Sijawahi kumwona mtu mkarimu akiona aibu kiasi kile.

Nikamwingiza Siriaki kibandani bila ruhusa. Alichuchumaa mbele ya Kanyana, akamwomba ageuze shavu la kushoto, kisha akakaa akilitazama bila kushika brashi. Nilimwuliza anangoja nini.

"Nalisoma," alisema. "Anza na kovu, mwarimu. Macho kila mtu anayo. Ukishapata kovu, weka sikio. Baada ya hapo uso unakuja wenyewe, hauna pengine pa kwenda."

Alichora kovu kwanza, kahawia iliyochanganywa na nyekundu ya mlango, katikati ya bati tupu, bila uso wowote. Halafu sikio lililojikunja. Halafu kichwa, kikubwa mno, na mdomo wazi wenye pengo la meno mawili. Alimaliza kabla uji wa watoto haujapoa. Kanyana alilitazama bati akakunja uso.

"Mbaya," akasema.

"Ndiyo," akasema Siriaki. "Lakini ni wewe."

Nililibandika bati lile asubuhi iliyofuata kwa misumari miwili, pembeni mwa ubao, chini, nje ya njia ya wageni. Sikuligonga muhuri. Muhuri ulikuwa wa kitengo na kitengo kilishakataa. Mimi nilikuwa mwasi, ila mwasi wa kufuata taratibu. Kisha nikaketi mezani na kuchonga penseli ambazo zilikuwa zimechongeka. Lori la Biharamulo lilikuwa liondoke kesho yake.

Yule mwanamke wa ndoo alikuja saa yake ile ile. Akaanzia juu, mstari kwa mstari. Kwa mtoto wa shela nyekundu alisimama, akafanya ishara ya msalaba. Kidole kikashuka, kikafika pembeni, kikasimama. Hakupiga yowe. Aliishusha ndoo, akaitua vizuri isimwagike, akapiga goti na kugusa lile sikio la rangi.

"Uji wa mtama," alisema. "Ulikuwa bado unachemka. Niliutua chini nikaenda kumfukuza mbuzi."

Nilimwuliza mtoto huyo ni nani wake.

"Ni Domitila wangu. Nyumbani tunamwita Kanyana."

Utaratibu ni utaratibu. Nilikwenda meza ya wazazi nikatafuta fomu yake. Anjelina ndilo lilikuwa jina lake. Anayetafutwa: Domitila, wa kike, miaka mitano. Mstari wa mwisho kabisa, chini, palipoandikwa alama za mwilini, karani alikuwa ameandika "hana."

"Mama, mbona ulisema mtoto hana alama?"

Anjelina alitazama ndoo yake. "Niliogopa, mwarimu. Mngeniuliza nani alimchoma. Mngesema mama wa namna hiyo hafai kurudishiwa mtoto."

Kwa hiyo tulikuwa watatu tulioficha kovu lile: mchoraji kwa sababu ya uzuri, mama kwa sababu ya aibu, na mimi kwa sababu ya kupenda picha. Kati yetu wote ni mama peke yake aliyekuwa na sababu ya maana, na muhuri ulikuwa wa kwangu.

Alipokuwa anasimama, macho yake yalirudi katikati ya ubao. "Na huyu mwenzake," akauliza, "mama yake amepatikana?"

Ningeweza kusema amepatikana, na isingekuwa uongo. Lakini nilitaka kulipia kosa langu.

"Huyo ni yeye, mama. Ni Kanyana huyo huyo."

Aliitazama ile picha tangu shela hadi birika. Hakunitukana, ingawa ningefurahi angenitukana.

"Nimemwombea mama yake siku nne," alisema.

Kisha akajitwika ndoo, kwa sababu maji yalikuwa ya kwenda kumwogeshea, akanifuata kibandani. Kanyana alikuwa kwenye mstari wa uji. Alimwona mama yake, akatoka kwenye mstari, akarudi kumwachia mwenzake kikombe, akaja. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umechelewa." Mimi ndiye niliyelia, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari la kujaza.

Bwana Rangi alipopata habari alifurahi kutoka moyoni. Akauliza kama Anjelina angekubali kupiga magoti tena mbele ya ubao, mwanga ukiwa mzuri zaidi saa kumi, na mtoto avae shela. Nilimjibu kwa Kihangaza. Aliyaandika maneno yangu kwenye daftari lake, kwa uangalifu, na ninatumaini hajawahi kumwuliza mtu maana yake.

Lori liliondoka kesho yake na watoto wengine. Bwana Fokasi, baada ya kulitazama lile bati, alimpandisha Siriaki kwenye lori hilo hilo na madebe yake, na wote kumi na watatu wakachorwa upya huko, kovu kwanza, mabati yakaletwa ubaoni kwetu. Wengine walipatikana kwa mabati, wengine kwa filamu zilipofika, wengine hawakupatikana na sina maneno ya kupamba hilo. Nilichukua rula, nikachora fomu mpya kwa mkono, mstari wa alama nikaupandisha juu kabisa, kabla ya jina. Katika fomu mnazotumia sasa mstari huo umerudi chini. Naomba mmoja wenu aupandishe, na mkiwauliza akina mama, waambieni kwanza kwamba kovu si kesi.

Miaka iliyofuata niliwazungusha wageni wengi wenye kamera nyepesi kuliko brashi, na karibu wote walikuja na birika lao sandukuni. Walitaka mama mwenye ndoo, ila asicheke. Siku hizi birika mnalo nyinyi, kwenye simu. Naona picha za ripoti zenu: shavu zuri limewekwa mbele. Sisemi msipige. Nasema mkimaliza, mgeuzeni mtu upande wa pili mtazame.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilikwenda kijiji cha Nyamahanga kwa kazi ya vikundi vya akina mama. Anjelina alikuwa na shangazi aliyeolewa huko tangu wimbi la zamani la wakimbizi, na huko ndiko alikobaki baada ya Benaco kufungwa. Nilimkuta anaanika mahindi, amezeeka vizuri. Domitila alitoka ndani na mtoto mgongoni, akanipa "Shikamoo, mama," nikaitikia marahaba, na macho yangu yakamwendea sikio kabla ya kitu kingine. Ni ugonjwa wa kazi.

Kwenye kona ya sebule palikuwa na mtungi wa maji, umefunikwa kwa bati. Nililijua kabla sijalikaribia. Rangi ya mlango ilikuwa imechakaa, lakini kovu lilikuwepo, na pengo la meno.

"Bado mnalo," nikasema.

"Linafunika vizuri," alisema Anjelina.

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno ya shukrani kuhusu bati lile, na kuhusu Siriaki, na kuhusu ukweli. Nilikuwa nimeyabeba miaka mingi. Domitila akanitangulia.

"Mama, ile nyingine ilikwenda wapi?"

"Ipi?"

"Ile ya nguo nyekundu. Niliyoshika birika."

Nikamwambia ilikwenda Ulaya na mwenyewe. Mchoraji aliwahi kunitumia kadi yenye picha hiyo: alikuwa ameongeza kisima na mitende, na chini pameandikwa kwamba ni binti wa Mashariki. Nikamwambia picha ile ilikuwa ya uongo, kwamba nusura impoteze, kwamba hata mama yake mzazi hakumjua.

"Najua," alisema Domitila. "Mama amenisimulia." Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga. "Lakini sikuwahi kuvalishwa vile tena. Hii tunafunikia maji, mama. Ile ningeitundika."

Anjelina aliendelea na mahindi yake. Mimi, mwenye majibu ya fomu zote, niliomba maji ya kunywa. Domitila akaliinua lile bati kwa mkono mmoja, akalisimamisha ukutani uso ukinitazama, akanichotea.